Nilivyompita baba ukingoni ili nikaone korongo la mto Lualaba

Wakuu, salamu kutoka Katuba, Lubumbashi.

Nianze na maneno matatu ambayo yangenitosha maisha yote na sikuyasema: "Hapana, ninashuka hapa."

Niliulizwa kama nitabaki kwenye meli. Nikasema ndiyo. Haya ninayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, na sitajipamba.

Juzi mwenzetu mmoja aliweka humu picha za likizo yake, meli ikipita katikati ya milima, akauliza kama safari za namna hiyo zina maana. Nimezitazama asubuhi nzima. Mimi nilifanya safari kama hiyo miaka ya hamsini, mji huu ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Nakaribia tisini na ninaandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nilikuwa karani kijana. Nilisoma sekondari kwa mapadri, kaskazini mwa Katanga, na katika jiografia nilichora mto Lualaba mpaka mkono ukauzoea. Hapa unatanuka, hapa kuna maziwa, hapa milima inaubana ghafla. Mahali pale pa kubanwa Wazungu walipaita Milango ya Jehanamu. Kwenye ramani yangu palikuwa alama mbili ndogo za penseli, basi.

Nilitaka kujua kati ya alama zile kuna nini.

Sasa mjue nani alinisomesha. Baba alisimamia kituo cha kuni kando ya mto huohuo. Meli za wakati ule zilikula kuni, na kila baada ya saa kadhaa zilisimama kupakia. Aliyezikata ni kaka yangu Kasongo. Kwetu kaka mkubwa anaitwa yaya. Nafasi ya shule ilikuwa moja: yaya akakata kuni, mimi nikasoma.

Nilipopata kazi mjini, alinifuata ili nimtafutie na yeye. Akafika mlangoni kwangu miguu peku, vumbi la safari mwili mzima, nikiwa nimeketi na makarani wenzangu. Mmoja akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikajibu, "Mtu wa kijijini kwetu."

Alisikia. Kesho yake akapanda treni ya kurudi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hapo ndipo nilipoogopa.

Baba alipojua, aliniandikia barua: ukipata likizo uje. Nitawaweka ninyi wawili kwenye sahani moja ya bukari, ndio ugali wetu, nitawapaka udongo mweupe mikononi, na maneno yaishe. Wakuu, kwetu jambo hilo hufanywa na baba aliye hai. Akishaondoka, hakuna wa kulifanya.

Kwa hiyo likizo ilipotoka nilipanda treni hadi Bukama, na pale nikapanda meli.

Jamani, nitasema ukweli, ilikuwa raha. Wazungu walikaa juu, sisi tulikuwa kwenye tishari lililofungwa ubavuni. Mbele walisimama vijana wawili wenye fito ndefu zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, wakizichovya majini na kutaja kina, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama wanaojibizana misa. Niliwafuata siku nzima nikiuliza. Fito ikigusa mchanga, mkono unasikiaje? Ikigusa tope je?

"Weye karani," mmoja akaniambia, "unauliza sana kushinda polisi."

Tulipita visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Jioni kimoja kilikuwa kulia kwetu, asubuhi tukakikuta kimeziba njia. Nilikuwa nimevichora kwenye ramani kama nchi kavu!

Kwenye tishari kulikuwa na karani mwingine, Célestin, mtu wa Kasai, mcheshi, amevaa suti hata kwenye joto lile. Yeye alikuwa anakwenda Kongolo, mwisho wa njia ya meli. Huko boti ndogo ingewachukua wasafiri hadi mdomo wa korongo, na alikuwa na nafasi mbili. Mke wake aliugua, akabaki nyumbani.

Siku ya tatu tukafika kwenye kituo cha baba.

Nilimwona kwa mbali. Amevaa shati lake jeupe la kanisani. Karibu na miguu yake kuku alikuwa amefungwa kamba kwenye kijiti, anadonoa mchanga. Na rundo la kuni lilipangwa vizuri, refu kuliko mtu. Yaya alikuwa tayari amepanda ubao wa kupandia melini, na mzigo begani. Alipita karibu nami hadi nikasikia harufu ya utomvu. Hakuniangalia, ila niliona amenyoa ndevu. Alikuwa amejiandaa kwa ajili yangu.

"Shuka, mutoto yangu," baba akaita. "Kuku iko, yaya yako iko. Leo tunamaliza hii maneno."

Célestin akanishika mkono. "Mon cher, miaka yote unachoraka hii mayi, macho yako haiyaiona! Twende. Siku ine tu, unarudia, unashuka."

Nikafanya hesabu ya haraka. Meli ikirudi itasimama tena kwa kuni. Imesimama hapa tangu nilipokuwa mtoto.

"Tata," nikasema kutoka juu, "nitashuka kwa kurudia. Siku ine. Ninaenda kuona ile milima."

Baba akasema, "Mulima haina na miguu, Klema. Yaya yako iko nayo."

Watu kwenye tishari walicheka. Nami nikacheka. Yaya alitua mzigo wake wa mwisho, akateremka ubao.

Korongo? Niliona, wakuu. Mto uliokuwa mpana kama uwanda uliingia kati ya miamba ukawa mwembamba na mweusi. Nilitegemea kelele, lakini pale mlangoni palikuwa kimya, maji yanajizungusha kama ugali kwenye sufuria. Kelele ilikuwa ndani zaidi, tuliisikia kifuani kabla ya masikio. Juu ya vichwa vyetu mwamba ulikuwa na mstari wa tope, ndipo maji hufika wakati wa mafuriko. Bibi mmoja wa Kizungu aliuliza kina. Mwendesha boti akacheka: "Madame, fito ya kufika chini bado haijaota."

Tulikaa pale kama nusu saa. Nilitupa kipande cha mkate, nikakiangalia kikizunguka mara saba kisha kikazama. Basi. Ndicho kilichokuwa kati ya zile alama mbili.

Siku ya nne, tukirudi, nilisimama mbele na sanduku langu mkononi.

Kituo kikatokea. Hapakuwa na kuni. Hata gogo moja. Baba alikuwa ameketi peke yake mahali rundo lilipokuwa, na shati lile lile. Kuku alikuwa bado amefungwa kwenye kijiti.

Meli haikupunguza mwendo. Nikamkimbilia kapita wa meli, msimamizi wetu, nikamwomba asimamishe, yule ni baba yangu.

"Petit, bato haisimame juu ya muntu," akanijibu bila ubaya. "Inasimama juu ya kuni. Unaona kuni?"

Miaka yote nilidhani meli inasimama kwa ajili yetu. Kumbe ilikuwa inasimama kwa mabega ya yaya.

Baba hakupunga mkono. Alisimama tu, akageuka kutufuata kwa macho hadi kona.

Na hapa msinionee huruma. Kituo kilichofuata ningeweza kushuka na kurudi kwa miguu, siku moja na nusu. Lakini likizo ilikuwa inaisha, na ofisini kulikuwa na mtu anayekitamani kiti changu. Nikajiambia: mwaka ujao.

Baba alifariki kabla ya mwaka ujao.

Yaya alihama, akaenda kulima ng'ambo ya mto. Niliandika barua nyingi za kuomba msamaha, mwalimu wa huko akamsomea. Jibu nililipata mara moja tu, kwa mdomo wa msafiri: "Anasema, mtu wa kijijini kwenu anakusalimia."

Nimejifunza hili: kitu kisicho na miguu kitakungoja, nenda kwanza kwa chenye miguu. Wenye kaka mliokosana nao, baba zenu wakiwa bado hai, niambieni hapa chini mnangoja nini. Nitasoma kila mmoja. Hata wa kunitukana aje.

Yaya amezikwa ng'ambo ile. Habari ilinifikia baada ya miezi mitatu. Nilikuwa na ndugu mmoja, na nilimtoa kwa nusu saa ya kutazama maji.