Rosalind Pardoe na Boma la Chuma kwenye Lango la Tarrant

Kabla ya kuwa mhandisi, Rosalind Pardoe alikuwa muuza samaki na chipsi. Hakuificha habari hiyo, na hata angetaka kuificha asingeweza, kwa maana kando ya Mto Avon kila aliyewahi kula samaki wa Ijumaa alimjua. Duka lake lilikuwa hatua chache kutoka darajani. Mto ulipofurika mara ya kwanza, maji yaliingia yakaharibu majiko. Akasafisha, akapaka rangi, akafungua tena. Yalipoingia mara ya pili, majira yale yale ya baridi, alifika bwana mmoja kutoka ofisi fulani, akasimama mlangoni na viatu vyake vikavu, akamwambia, "Pole sana, mama. Jambo kama hili hakuna ambaye angeweza kulijua mapema."

Rosalind alikuwa kashika ufagio, tope hadi magotini. "Kwani kulijua ni kazi ya nani?"

Yule bwana akacheka, akidhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Rosalind aliliuza duka kwa bei ya kutupa, akarudi darasani na watu ambao walizaliwa yeye tayari ameolewa. Hesabu za mwendo wa maji zilimtoa jasho. Mtihani wa kwanza alianguka vibaya, akaurudia. Ule wa pili akapita kwa taabu. Baada ya hapo hakuanguka tena. Wenzake walimbandika jina la Mama Chipsi, naye akawaachia walitumie wapendavyo. Kufikia siku ya kuvaa joho, kichwa chote kilikuwa kimeota mvi. Kampuni moja ndogo ikamwajiri kupima hatari ya mafuriko kila mtu anapotaka kujenga karibu na mto, na hapo akawa amefika alikokuwa anakwenda.

Kazi inayosimuliwa hapa ilimkuta akiwa na miaka kadhaa kazini. Kwenye Lango la Tarrant, pale mashua hupandishwa na kushushwa kando ya poromoko la maji, ukingo wa mto ulikuwa unameguka. Kila msimu wa mvua ulikula kipande kingine cha ardhi iliyoshikilia ukuta wa lango. Ukuta ule ungeachia, mto ungejikatia njia mpya nyuma ya lango, na mashua zote za juu zingebaki juu. Kwa hiyo kujenga hakukuwa na mjadala. Mkandarasi alipatikana, na msimamizi wake alikuwa Clive Hemming, mtu mrefu mwenye maneno matamu, asiyeonekana bila kikombe cha chai kikubwa kama kopo la rangi.

Mpango wa Hemming ulikuwa rahisi. Angepigilia mabamba ya chuma mtoni kuzunguka ukingo ule mbovu, yawe kama boma. Angevuta maji yote yaliyomo kwa pampu, mafundi washuke wajenge msingi mpya pakavu, halafu mabamba yang'olewe. Kazi ya kiangazi kimoja tu.

"Mama, kwako mimi sitaki makubwa," alimwambia Rosalind siku ya kwanza. "Niandikie tu kwamba hatari ni ndogo, twende zetu."

"Nitaandika nitakachokikuta."

"Ndiyo hicho hicho. Utakuta ni ndogo."

Rosalind aligeukia mto. Alikuwa anatazama ng'ambo. Pale mkabala na lango, kwenye ardhi ya chini, kulikuwa na nyumba chache zisizo na ghorofa, kila moja na bustani yake ya mbele na kiti cha kuotea jua. Mahali pale paliitwa Withy Lane, na karibu wote waliokaa pale walikuwa wastaafu.

Kesho yake alivuka daraja na vifaa vyake, akaanza kupima vimo vya vizingiti vya milango yao. Kwenye nyumba ya mwisho, iliyo chini kuliko zote, mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza. Akatoka mzee aliyevaa ndara na fulana ya sufu. Huyu alikuwa Lionel Peplow, aliyeendesha mabasi maisha yake yote na bado akisema kwa sauti ya kuwafikia abiria wa kiti cha nyuma.

"Unapima nini hapo? Jeneza langu?"

"Kizingiti chako, Bwana Peplow. Wanataka kujenga pale langoni. Nataka kujua maji yatakwendaje."

"Maji yatakwenda yanapotaka. Yalishaingia humu. Zulia nililing'oa kwa mikono hii." Akamkazia macho. "Subiri. Wewe si yule wa chipsi?"

"Ndiye."

"Ulikuwa unatia chumvi nyingi."

"Hakuna aliyewahi kuzirudisha."

Mzee akaguna, lakini aliuacha mlango wazi, na baada ya dakika chache akatoka na kikombe cha chai, akakiweka juu ya ukuta wa bustani bila kusema ni cha nani.

Ofisini, Rosalind aliuchora mto ule wote ndani ya kompyuta: kina chake, poromoko, lango, nyumba za Withy Lane na vizingiti vyake. Akaweka boma la Hemming mahali pake, akauachia mto ufurike. Matokeo hayakumfurahisha. Boma lilichukua sehemu ya upana wa mto, na maji yaliyokosa nafasi yalirundikana, yakamwagikia ile ardhi ya chini ya ng'ambo. Kama mafuriko makubwa yangekuja boma likiwa limesimama, Withy Lane ingepata maji zaidi kwa upana wa kiganja. Kiganja ni kitu kidogo ukikitazama mkononi. Kwenye sebule ya mtu, ndicho kinachotenganisha zulia lililolowa na soketi za umeme zilizozama.

Alirudia hesabu. Akabadilisha hiki na kile, akitafuta alipokosea, maana alijua watamwuliza. Hakupata kosa. Ndipo akaanza kutafuta njia ya kazi kufanyika bila watu wa ng'ambo kuilipia, na njia aliyoipata ilikuwa hii: boma liwe na milango miwili, mmoja upande mto unakotoka, mwingine upande unakokwenda. Maji yakifikia alama fulani kwenye ukuta wa lango, milango ifunguliwe, mto upite katikati ya boma. Shimo la kazi lizamishwe kwa makusudi.

Hemming aliposikia aliweka kikombe chini, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Nizamishe kazi yangu mwenyewe? Kwa mkono wangu?"

"Kabla mto haujazamisha nyumba za wenzako, ndiyo."

"Mafuriko ya kiangazi, mama? Watu wanakuja hapa na aiskrimu!"

"Basi hutaifungua. Kama hayaji, mlango uliofungwa unakudhuru nini?"

"Na yakija? Zege bichi, mbao, wiki chungu nzima za watu! Hivi wewe unajua kazi kuharibika ni nini?"

"Najua," alisema Rosalind, akikumbuka majiko yake.

Hata hivyo Hemming hakukubali. Alimpigia simu mkuu wa Rosalind, naye mkuu akamwita mama wa watu na kumwuliza kwa upole kama hawezi kulegeza kidogo; mteja ni mteja. Rosalind akageuza kompyuta, akamwonyesha kizingiti kimoja baada ya kingine. "Nioneshe ni nyumba ipi tulegeze," akasema. Mkuu alizipitia zote hadi ya mwisho, akasema basi, peleka hivyo hivyo. Ofisi ya serikali inayosimamia mito ilipoisoma tathmini ile, ikatoa kibali kwa sharti hilo la milango. Hemming akatia sahihi akinung'unika. Alama ikapakwa rangi nyekundu ukutani. Rosalind akavuka daraja tena, akawaambia watu wa Withy Lane kwamba kazi ile haitawaongezea maji.

Boma lilisimama mwanzoni mwa kiangazi, na kweli watu walikuja na aiskrimu. Mafundi walikuwa wakimcheka Rosalind kila alipofika. "Mama Chipsi, mto umekauka, tukuchotee ndoo uumwagie?" Akawa anacheka nao, halafu anawaambia waifungue ile milango na kuifunga mbele yake, ajue haijashika kutu. Waliifungua wakisonya.

Mwezi wa saba mvua ilianza kunyesha sehemu za juu za mto, ikanyesha usiku na mchana kama bomba lililosahauliwa wazi. Asubuhi ya siku ya tatu Rosalind alifika langoni na kuukuta mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa, ukibeba matawi na mpira wa mtoto. Maji yalikuwa chini kidogo tu ya alama. Mafundi walikuwa bado shimoni, na pampu zinanguruma.

"Watoe," alimwambia Hemming. "Watu, pampu, mafuta, kila kinachotoka."

"Wanatoka. Lakini sikiliza." Hemming alikuwa amelowa hadi mifupani, na maneno matamu yalikuwa yamemwisha. "Zege la msingi nimelimwaga jana. Jana! Utabiri unasema mto utafika kileleni mchana. Nipe saa moja. Huenda ukagota hapo hapo."

"Huenda."

"Saa moja tu, Rosalind."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Rosalind akamtazama, akaona si mbishi tena, ni mtu anayeiona kazi yake inakwenda. Alikijua kile Hemming alichokuwa anakihisi. Na bado hakuyumba.

"Clive, nikikupa saa moja siitoi mfukoni mwangu. Naitoa kwa wale pale." Akaonesha ng'ambo. Bustani za Withy Lane zilikuwa tayari zinameremeta maji, na mtu fulani alikuwa anabeba kiti cha bustani kukiingiza ndani. "Tulikubaliana alama ikiguswa hatujadili, kwa sababu tulijua leo tutataka kujadili."

Wote wawili wakatazama ukutani. Wimbi moja likapanda, likailamba rangi nyekundu, likashuka. La pili halikushuka.

Hemming alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akamgeukia mwendesha kreni na kupaza sauti, "Fungua! Wa chini kwanza!"

Mlango wa chini uliinuka ukilia, maji yakaingia shimoni polepole, yakazifunika mbao, ngazi, na toroli moja lililosahauliwa. Shimo lilipojaa sawa na mto, wakainua wa juu. Mto ukasita kidogo, kama unaochungulia, halafu ukapita katikati ya boma. Hakuna aliyeshangilia. Fundi mmoja alivua kofia yake ngumu, akaishika tu mkononi.

Mto haukugota mchana. Uliendelea kupanda hadi jioni. Maji yalifika kwenye vizingiti vya Withy Lane, yakakaa hapo yakitetemeka, na katika nyumba zote yaliingia moja tu, ile ya mwisho, ya Lionel Peplow.

Rosalind alikwenda siku ya pili yake, maji yaliposhuka. Mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa amepiga magoti anang'oa zulia.

"Ulikuja kupima hapa," Peplow alisema bila kuinua kichwa. "Ukasema hayataingia."

"Nilisema kazi yetu haitayaongeza. Haikuyaongeza. Bila ile milango kufunguliwa yangekufika kwenye soketi, na jirani zako wote wangelowa."

"Kwangu mimi zulia ni lile lile, limelowa."

Rosalind alikuwa na majibu, na hesabu za kuyashikilia. Akayameza. Alivua koti, akashika ncha ya pili ya zulia, na wakaliburuta pamoja hadi nje. Lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekufa. Walipolitupa juu ya majani, mzee alibaki ameshika kiuno, anahema, anatazama boma la chuma ng'ambo na mto ukipita ndani yake.

"Walizamisha yote ile?"

"Yote."

"Hm." Akapangusa mikono kwenye fulana. "Yule mrefu lazima alilia."

"Karibu."

Zege la Hemming lililiwa na maji, ikabidi livunjwe na kumwagwa upya, na kazi iliyokuwa iishe kiangazi ikaingia majira ya baridi hadi ikatoka upande wa pili. Hemming alipata karipio kwa wakubwa wake kuhusu ucheleweshaji. Alipomsimulia Rosalind hakulaumu. Alisema tu kwamba boma la kazi yake nyingine, kwenye mto mwingine, tayari ameagiza liwe na milango, na kwamba asimwambie mtu.

Naye Rosalind alirudi kwa mkuu wake na jambo jingine. Nyumba ya Peplow, alisema, itaingia maji tena, boma liwepo lisiwepo. Kuna fedha za umma za kuwekea watu kama yeye mbao za kuziba milango na kuinua soketi. Mkuu akamwambia hiyo si kazi waliyolipwa kufanya. Rosalind akasema anajua, na akaanza kupiga simu. Alizungushwa ofisi moja hadi nyingine, akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi wiki ijayo, mpaka sauti yake ikajulikana na kila mpokea simu wa wilaya nzima. Mwishowe walichoka wao kabla yake.

Mafundi walikwenda kumwekea Peplow mbao zake siku moja ya majira ya machipuko, wiki ile ile ukingo mpya ulipomalizika na Lango la Tarrant kufunguliwa tena. Mzee aliwasimamia kutoka kitini, akiwakosoa kwa sauti yake ya udereva wa basi. Mashua ya kwanza ilikuwa ya rangi ya kijani, nyembamba, na mbwa akiwa juu ya paa. Ilingojea maji yapande, milango ya lango ikafunguka, ikaenda zake juu ya mto.

Rosalind hakuiona. Asubuhi hiyo alikuwa maili nyingi kutoka pale, kwenye kijiji ambacho mtu alitaka kujenga ghala kando ya kijito, akigonga mlango wa nyumba iliyo chini kuliko zote na kuomba kupima kizingiti.