Jumapili za Kuchoma Masizi

Mtaani walimwita Mama Pumba, kwa sababu duka lake liliuza pumba na chakula cha kuku, na vumbi lake halikumtoka hata aoge mara tatu. Mumewe alifariki ghafla, akamwachia duka na pikapu ya dizeli. Leseni alikuwa nayo siku nyingi. Kuendesha ndiko alikokuwa hajakuzoea. Akajikaza. Asubuhi anapeleka magunia mawili mtaa wa pili, anazima gari, anashusha. Anawasha tena, anapeleka gunia moja nyuma ya shule, anazima. Hivyo hivyo mpaka jioni, safari za dakika tano tano.

Mwezi wa pili ikawaka taa ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi. Ilimkera macho, akaibandika karatasi. Wiki moja baadaye pikapu ikaishiwa nguvu kwenye kilima cha hospitali, ikawa inajikokota mpaka waenda kwa miguu wakaipita.

Fundi, aliyeihudumia tangu iliponunuliwa, alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akasoma, akaguna. Alimweleza polepole kwamba kwenye bomba la moshi kuna filta inayonasa masizi. Yakijaa, gari huyachoma lenyewe, ila mpaka injini ipate moto sawasawa, na kwa safari zake fupi haipati. Kila akizima, anaikatiza katikati ya kazi. Inataka barabara kuu, mwendo mmoja, nusu saa bila kusimama, walau mara moja kwa wiki.

"Mzee alikuwa anaipeleka kila Jumapili," fundi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Kwani hakukueleza?"

"Alinieleza," akasema Mama Pumba.

Alimweleza, naye hakuamini. Kwa miaka minne, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mumewe alichukua ufunguo akasema anakwenda kuchoma masizi. Alirudi baada ya saa nzima, hana mzigo, hana alichonunua. Mwanamume gani huyo anaendesha gari kwenda kusikojulikana? Moyoni alishakata shauri kwamba kuna nyumba nyingine. Hakuuliza wala hakugomba. Alinuna tu, akahamishia mto wake kwenye chumba alichoacha binti yao alipoolewa. Mara mbili tatu mumewe alimwambia, "Twende wote basi, upunge upepo." Akajibu ana nguo za kufua. Mumewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Akaacha kumwambia.

Fundi aliisafisha filta kwa mashine palepale uani, injini ikinguruma bila mtu ndani kwa muda wa saa nzima. Mama Pumba alikaa kwenye tairi kuukuu akaisikiliza mpaka ikatulia.

Jumapili iliyofuata alimpigia simu binti yake amsindikize. Binti alikuwa na wageni, labda wiki ijayo. Akaondoka peke yake. Akavuka viwanda vya matofali, akavuka uwanja wa mnada, nyumba zikapungua, akashika barabara kuu. Baada ya dakika kumi na tano hivi, mngurumo ulibadilika, ukawa mzito, na harufu ya joto ikaingia dirishani. Akajua imeanza kuchoma. Hakuthubutu kupunguza mwendo.

"Nilidhani una mtu," akasema kwa sauti.

Lilikuwa neno aliloliweka miaka minne, na sasa lilipotoka halikumfikia yeyote. Akaendelea kukanyaga mafuta, machozi yakimshuka, akiyafuta kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, mpaka mngurumo ukarudi wa kawaida. Hapo akageuza.

Taa ile haikuwaka tena. Binti alifuatana naye mara moja tu, mwezi uliofuata, akashinda kwenye simu yake kwenda na kurudi, na walipofika nyumbani akauliza mama anaona nini cha maana huko. Mama Pumba akamjibu gari linataka hivyo. Hakumwomba tena. Kila Jumapili, akishaosha sahani yake, hufungua geti, hutoa gari, hushuka kulifunga, kisha huenda zake.