Siku Mama Alipopika Jiwe

Enzi zetu sisi wa Kashikishi, kisu hakikuwa kitu cha kununua Jumatatu na kutupa Jumamosi. Kisu kilikuwa na umri. Kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana, na kikizeeka kilipungua tumbo kama muzee, kikabaki chembamba, lakini makali yako palepale. Ninyi muliozaliwa wakati wetu munanielewa. Hawa vijana wa leo, wenye kunyoa ndevu tatu kwa wembe wa plastiki halafu wanajikuna shingo wiki nzima, hawa tuwaache kwanza. Nitawarudia, sijawasahau.

Mimi ni mutu mwenye kujua ninachosema. Shule niliacha darasa la nne, na sioni haya. Leo niko na mitumbwi minne yenye mashini, niko na duka la nyavu, niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vigae chini, na hakuna mutu alinipa hata musumari. Lakini ukija kwangu hapa Nchelenge, jirani na Kashikishi, sitakuonyesha vigae. Nitakushika mukono nikupeleke moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma. Muke wangu anakiita makaburi ya majiwe. Mimi nakiita benki.

Mule ndani, Mungu wangu! Kuna jiwe la kunolea la duara kwenye kiti cha mbao, unakaa, unakanyaga na muguu, linazunguka na kuimba. Kuna jiwe la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini kama shavu, limelala ndani ya sanduku lake la mubao, na kifuniko kilichongwa na fundi ambaye hatutamujua. Kuna mushipi wa ngozi wa kunolea wembe, wa kinyozi mumoja wa Pweto, mweusi, unang'aa kama mugongo wa kambale. Kuna fimbo ya chuma ya muuza nyama. Kuna kamashini kadogo ka kuzungusha na mukono, kanafungwa pembeni ya meza. Vyote ni vya zamani, vyote nimevitafuta mwenyewe, Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, Mofwe, mpaka Mansa. Watu wananiuzia huku wanacheka. Wacheke. Mimi sivifungii kwenye kioo, kila Jumamosi navitumia. Unamwagia jiwe mayi, unalaza kisu, unasukuma: shwaa, shwaa. Bon, mwenye kusikia sauti ile na moyo wake usiruke, huyo apelekwe hospitali. Na ndevu zangu nanyoa na wembe wa kukunja ulionizidi umri. Gusa shavu hili. Ni la mutoto wa kubatizwa!

Ugonjwa huu nilirithi. Baba yangu alivuka ziwa kutoka upande wa Pweto akiwa na muke, nguo za kuvaa, na jiwe moja la kunolea limefungwa ndani ya kitenge cha mama. Jiwe lilikuwa la rangi ya wingu la mvua, refu kama kiganja mpaka kiwiko, limebonyea katikati kama kitanda cha zamani. Kwa jiwe lile alinyoa wanaume na kunoa visu vya mama wauza samaki, na kwa jiwe lile tulikula. Kila asubuhi alilimwagia mayi na kusema neno lake lilelile: “Jiwe ni mutu wa kanisa. Mayi tu. Pombe apana, mafuta apana.”

Sisi watoto michezo yetu ilikuwa hiyo hiyo kazi. Lakini tulikuwa na shida moja. Makali yanajaribiwa kwa manyoya ya mukono, na mutoto wa miaka kumi manyoya atatoa wapi? Tulizunguka bandarini tukiomba mikono. “Yaya, kaka mukubwa, tukopeshe mukono kidogo!” Wakubwa walitupatia, wakiwa wanahadithia mambo yao hata hawaangalii. Wanaume wengi wa wakati ule walikuwa na mukono wa kuume wenye pori na wa kushoto mweupe kama yai. Jumapili, watu wakiinua mikono kuimba, ulijua nani amepita kwetu.

Mama wauza samaki hawakujali manyoya. Wao walijaribu kisu kwa nyongo. Unapopasua tumbo la samaki, kisu chenye makali kinapita chenyewe, hausukumi, na nyongo inatoka nzima. Kisu butu unakilazimisha, kinaruka, nyongo inapasuka, nyama yote inakuwa chungu, na wenye malori hawaitaki. Njo maana visu vililetwa kwetu, na siku kubwa ya visu ilikuwa siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa.

Munakumbuka ziwa likifungwa wakati wa mvua ili samaki wazae? Miezi ile tulikula sombe ya majani ya muhogo asubuhi, sombe jioni, mpaka mutoto akipiga chafya unaona kijani. Siku ya kufungua ilikuwa kama Noeli. Pwani nzima inapasua samaki kwa siku moja, na kila mama anataka kisu chake kiwe kimeamka.

Mwaka huo, asubuhi ya siku hiyo ya visu, visu ishirini na viwili viko kwetu tayari, mutumbwi ukaja kumuita baba kisiwani Chisenga. Watu walikuwa wanamaliza matanga, familia nzima inangoja kunyolewa vichwa. Kazi hiyo haikataliwi. Baba alichukua wembe wake na mushipi, akaniambia mbele ya mama: “Ilunga, weye ni mwanaume. Visu ni vyako. Mayi tu.”

Weee! Nilijiona mufalme. Nilinoa kimoja, nikanoa cha pili. Lakini mukono ulianza kuuma, na visu ni vingi, na rafiki zangu wananipigia miluzi njiani. Sasa akili yangu ikaamka. Nilikuwa nimeona fundi wa baiskeli akitia mafuta kwenye munyororo, na baiskeli inakimbia. Nikasema, kama munyororo unakimbia, jiwe litashindwaje? Nikaingia ndani, nikatwaa chupa ya mawese, nikamwaga.

Visu vitatu vya kwanza viliteleza vizuri ajabu. Nilijua nimemupita baba. Cha nne kiliteleza zaidi. Cha tano ndicho nilichokijaribu kwenye jani la muhogo, kikalikunja bila kulikata. Jiwe lilikuwa limefumba macho. Kisu kilipita juu yake kama juu ya sabuni, halikikamati, halisemi kitu. Nililimwagia mayi, yakakimbilia pembeni kama yamefukuzwa.

Mama alifuata harufu. Alisimama mulangoni, akaangalia jiwe jekundu, akaangalia chupa.

“Weye Ilunga, unataka kukaanga jiwe?”

“Mama, nilitaka likimbie.”

“Basi limekimbia. Sasa ulitafute!”

Nilingoja kipigo. Hakikuja, na hapo njo niliogopa kweli. Mama alikaa chini. Sokoni kulikuwa na bwana Chisha, mwenye gurudumu la kunolea linalorusha cheche. Sisi watoto tulizipenda cheche zile, lakini gurudumu lake lilikula visu: kipeleke mara tano, kinarudi sindano. Bwana huyo alikuwa anasema kila siku kwamba jiwe la baba ni hadithi ya wazee.

“Wakijua leo jiwe limekufa,” mama alisema, “kesho visu vyote viko kwa Chisha. Na kisu kikihama, Ilunga, hakirudi. Tutakula nini?”

Halafu akainuka. Mama alizaliwa ng'ambo, kwa watu wanaopika sabuni yao wenyewe kwa mawese na mayi ya majivu. Akasema, mawese yako ndani ya jiwe, tutayageuza sabuni humohumo, yatoke yenyewe. Akachuja mayi ya majivu ya maganda ya ndizi, akatwaa chungu kikubwa, akalaza jiwe katika mayi ya baridi kwanza, maana jiwe likishituka na moto linapasuka, akaweka juu ya mbabula, jiko la makaa, nje, mchana kweupe. Ndani ya nyumba mulikuwa na joto la kuua.

Na Bana Mwape akapita. Huyu alikuwa mama jirani yetu, muuza samaki, sauti yake inasikika mpaka katikati ya ziwa, na visu vyake vitatu vilikuwa kwetu.

“Mama Ilunga, leo kuna chungu! Munapika nini?” Hakungoja jibu, akafunua. Akafunika. Akafunua tena. “Mama Ilunga... jiwe?”

Mimi nilikuwa nimekalia chupa ya mawese. Mama angesema kweli, kazi imekwisha. Angesema uongo, alikuwa mukristo. Aliinamisha kichwa tu, akachochea moto.

“Yangu we!” Bana Mwape akashika kifua. “Kumbe mumefika huku! Unapika jiwe batoto wafikiri ni chakula, mpaka walale! Na mukanyamaza, sisi tuko hapa tunakula!” Akakimbia.

Mama yangu alikuwa mwanamuke mwenye kujivuna. Kitenge chake hakikuwa na kiraka. Hakuomba chumvi kwa mutu. Nilimuona machozi yakisimama machoni bila kuanguka. Na kabla jiwe halijaanza kutokota, sahani zikaanza kuingia. Ugali wa bukari na maharagwe ya Bana Mwape. Viazi vitamu vya nyumba ya pili. Sombe na karanga. Muke wa mwalimu alileta hata yai. Kila mumoja alitua sahani polepole, akaangalia pembeni, akasema maneno ya mvua, akaenda. Mama alipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti. Aliponigeukia, sauti ilikuwa chini: “Kula. Na ukitoa neno moja, nitakunoa weye.”

Nilikula nikilia, lakini nilikula. Sikuwa nimeshiba namna ile miezi yote ya ziwa kufungwa.

Povu likapanda chunguni, jekundu, halafu la njano. Tukamwaga, tukatia mayi mapya ya majivu, tukapika tena. Mara ya tatu povu likawa jeupe. Tukaliacha jiwe lipoe humohumo. Mama akalitoa, akalimwagia mayi ya ziwa, na jiwe likayanyonya, sssss, kama mutu aliyerudi kutoka shamba! Niliruka juu. Tukanoa mama na mwana, yeye visu virefu, mimi vifupi, mpaka jua likaingia ziwani na cha ishirini na mbili kimelala kwenye kitambaa.

Kesho yake pwani ilikuwa kelele tupu. Mitumbwi inaingia, samaki wanaruka, mama wote wamepiga mustari, visu vinapita tumboni kama vinapita kwenye mayi. Nyongo zilitoka nzima, za kijani, moja, moja, moja. Nilisimama nikiangalia kila tumbo, roho mukononi. Bana Mwape akainua kisu juu, akamutaja baba: “Kisu cha Tata Ilunga leo kinaona njia chenyewe!” Siku ile hakuna hata mumoja aliyepeleka kisu kwa Chisha.

Lakini baba alipotua kutoka Chisenga, wanaume walimupokea kwa kicheko. “Tata Ilunga, unanyoa batu kisiwani, na nyumbani banapika majiwe?” Alifika akiwa na uso kama wingu. Mama alimwambia yote, chumbani, mulango umefungwa. Baba akatoka, akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, akachukua kofia yake. Alikuwa anarudi bandarini kuwaambia kweli. Mama akasimama mulangoni.

“Kaa chini, Baba Ilunga. Aibu yangu itafuliwa. Kazi ikichafuka haifuliwi.”

Baba akakaa. Jioni mama alinituma kurudisha sahani, na hakuna hata moja iliyorudi tupu. Kila moja ilikuwa na samaki mumoja muzima juu, wa siku ya kwanza. Sisi tulikula vichwa.

Tangu hapo wakamuita Mama Majiwe. Miaka mingi. Watoto waliliimba njiani, nami niliwapiga, nikapigwa. Hakuniruhusu kusema. Basi leo nasema, ninyi wenzangu mulioliimba jina lile: haikuwa njaa. Ilikuwa mawese yangu. Mama yangu alivaa aibu ambayo si yake ili jiwe la baba lisipoteze jina, na kila mutumbwi wangu mumoja umetoka katika chungu kile. Baba alishalala, bwana Chisha pia. Mama yuko kwangu, macho yamepungua, ulimi bado. Nilipomuomba ruhusa alisema: “Andika. Lakini uandike na zile sahani.” Nimeandika.

Sasa vijana, nimewarudia. Mwezi uliopita nilinunua Kilwa jiwe zuri sana la zamani, limejaa mafuta ya mashini, limefumba macho kabisa. Nilifurahi kama mutoto! Najua dawa. Nikatoa mbabula katikati ya ua wangu, mayi ya majivu, chungu, nikaanza kupika. Mama akaomba kiti, akakaa karibu. Kabla povu halijapanda, vichwa vilijaa juu ya ukuta, na kila kichwa na telefone. Wanapiga foto. Jioni habari ilikuwa Kashikishi nzima: bwana mukubwa wa mitumbwi amefilisika, anapika jiwe. Nilicheka sana. Mimi nitafilisika wapi?

Lakini mama hakuwa anaangalia chungu. Mchana wote uso wake ulikuwa kwenye mulango wa ua. Jiwe lilipoiva akaniuliza:

“Ilunga, hakuna mutu amekuja?”

“Mama, watu mia wameona.”

“Nimeuliza kuja,” akasema.