Dakika ya Kukauka

Mpwa wangu anaitwa Gundi, na aliyembandika jina hilo ni mimi, maana katika ukoo huu kila kitu chenye akili nimekianzisha mimi. Anafanya kazi saluni, ile ya mlango wa bluu karibu na fundi viatu. Ukitaka kusuka, kuna wenzake. Ukitaka lipstiki ipite kwenye supu, machozi na mabusu ya mashangazi bila kutetereka, kaa kwenye kiti cha Gundi.

Mimi niliishia darasa la sita (nikalirudia, mwalimu alinipenda mno), lakini kazi yake naweza kukueleza kuliko wenye vyeti. Anachora ukingo wa mdomo kwa penseli. Anapaka rangi. Anabana tishu kati ya midomo, anapitisha poda, anapaka tena. Ndipo inakuja dawa ya kukazia: kichupa kama cha rangi ya kucha, maji maangavu, harufu ya spiriti, na inawasha. Akishaipitisha anainua kidole: "Dakika moja. Usicheke, usiongee." Midomo ikigusana kabla dawa haijakauka, rangi yote inabanduka kama chokaa kwenye ukuta wenye unyevu. Nimeona maharusi wenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni wamekaa kimya kama mitungi.

Alijifunzia kwenye mdomo wa mama yake, dada yangu. Dada yule bwana! Rangi nyekundu kila asubuhi, hata siku ya kufua. Na mdomo wenyewe haukujua likizo. Mimi bingwa wa maneno nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. "Ikidumu kwa mama," Gundi alikuwa akisema, "itadumu kwa yeyote."

Kisha moyo wa dada ukaanza kumsumbua. Jumanne moja asubuhi tukamwitia teksi ya kwenda hospitali. Miguu imevimba, pumzi inakuja kwa awamu, naye kakaa kitandani anadai kioo.

"Siendi kuonana na daktari na midomo kama samaki mkavu."

"Mama, teksi iko njiani."

"Wacha ije. Wewe si fundi? Nipake."

Gundi akapiga magoti. Hakuruka hatua hata moja. Kona ya kushoto akaifuta mara mbili. Akapitisha dawa, akainua kidole.

Dada akamtazama. Akamshika ule mkono wenye brashi, akaanza kufungua mdomo.

"Shh, mama! Dakika moja, itabanduka."

Na mimi, mwenye ulimi usio na breki, nikaangua kicheko pale mlangoni: "Leo dada kapata wa kumfunga mdomo! Mpwa, mwongezee na koti la pili la dawa!"

Dada akacheka kwa macho tu. Alitii. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtii mtu. Dakika haijaisha, honi ikalia nje, tukaingia kwenye purukushani: mkoba uko wapi, kiatu cha pili, kadi ya hospitali. Ndani ya gari akaegemea bega la mwanawe akasinzia. Hakuamka. Siku mbili za mashine, halafu basi.

Siku ile ya kwanza wodini, nesi alitaka kuona rangi halisi ya midomo. Akajaribu pamba kavu, akajaribu ya maji. Wapi! Akamgeukia Gundi: "Dada, hii ni rangi ya nini, ya nyumba?" Gundi akaitoa mwenyewe kwa mafuta ya kupaka, polepole, na chini yake midomo ilikuwa ya kijivu.

Tangu hapo ana swali moja tu. Kila Jumapili anakuja, anakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, ananiuliza, "Mjomba, mama alitaka kusema nini?"

Mara ya kwanza nikajibu haraka, kama kawaida yangu. "Alitaka kusema anakupenda."

"Mama hajawahi kuniambia hivyo tangu anizae. Ukidanganya, mjomba, danganya vizuri."

Nikajaribu kusema ni jiko halijazimwa. Nikajaribu ufunguo wa kabati. Anatikisa kichwa tu. Jumapili moja nikasema, "Alitaka kukuambia kona ya kushoto umeiharibu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo ndiye mama," akasema. Kisha kicheko kikageuka kilio, akajikunja pale ngazini, na mimi nikabaki nimeshika kikombe chake cha chai hadi kikapoa. Kile kicheko changu cha mlangoni hajawahi kunitajia. Afadhali angenitukana.

Jana nilimpitia kazini. Bibi harusi yuko kitini, dawa mbichi mdomoni, mama mtu kainama anamwekea shela vizuri. Binti akamgusa mama yake mkono, akafanya kama anataka kusema. Nikasubiri kile kidole.

Gundi akaweka brashi chini.

"Sema," akamwambia. "Mwambie mama. Nitapaka upya."

"Mama," binti akasema, "kiatu kinanibana."

Rangi ikabanduka katikati kabisa. Gundi akatoa tishu, akafuta yote, akachukua penseli.