Kiti cha Dirishani

Wazo lilikuwa langu, na nililitoa kwa dharau. Nilikuwa nyumbani Nguba kwa likizo, nimemaliza mwaka wa tatu wa sosiolojia Kisangani, na mama mdogo alikuwa amejificha kwetu siku ya nne. Alikuwa amewaambia akina mama wa shirika lake, jumuiya ya sala ya majirani huko Kadutu, upande mwingine wa jiji letu, kwamba mwanawe aliye Kanada amemlipia ndege ya Kinshasa kufuata viza. Mwanawe hakuwa amepokea simu yake kwa miaka miwili. Akina mama walilijua hilo, au walilikisia, na kila Jumatano baada ya rozari walimuuliza habari za mtoto kwa sauti tamu. Alitaka wanyamaze, basi.

"Banaomba foto," aliniambia. "Banasema kama niko mu safari kweli, nitume foto."

"Si uende mu ndege ya pale chini?" nikamjibu.

Pale chini, karibu na ziwa, mtu alikuwa amegeuza nyumba yake kuwa makumbusho ya selfie. Nilidhani angecheka. Alikwenda kupiga pasi kikwembe chake cha kutokea.

Katika chumba cha kwanza meza na viti vilipigiliwa darini, ili kwenye picha uonekane unaning'inia kama popo. Katika cha pili kulikuwa na beseni la kuogea lililojaa noti za bandia, na vijana wakisubiri zamu ya kuoga dola. Nilianza kuhubiri: makumbusho gani haya yasiyo na kitu hata kimoja cha kale, na kinachohifadhiwa hapa ni nini? Mama mdogo hakunisikiliza. Alikuwa amevaa sweta katika jua lile, kwa kuwa watu wa ndege huvaa sweta.

Chumba cha ndege kilikuwa cha mwisho. Viti sita katika safu mbili, na dirisha la mviringo lenye skrini nyuma yake. Ukibonyeza kitufe, injini inanguruma na mawingu yanapita. Aliketi dirishani, akabonyeza. Injini ilipoanza, akafanya ishara ya msalaba.

"Ucheke kidogo," nilimwambia.

"Mutu anaenda kutafuta viza, anacheka nini?"

Chini ya dirisha, sakafuni, kulikuwa na ralonji nyeupe, waya mrefu wa umeme wenye soketi tatu, na simu ya mtu ikichajiwa juu yake. Niliiona. Hatua moja kushoto ingetosha kuificha. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa familia yetu, na nilijiona mtu pekee mwenye macho katika jiji zima. Nikapiga picha tatu, ralonji ikiwa ndani ya zote.

Hakuwa na miwani. Aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Iko muzuri," alisema, akatuma.

Kikundi cha shirika kwenye simu kilinyamaza. Alifurahi sana na ukimya ule.

Jumatano iliyofuata zamu ya kupokea sala ilikuwa ya nyumba yake. Tayari alikuwa amerudi Kadutu "kutoka Kinshasa". Nilikwenda kumsaidia kubeba viti vya plastiki, tukavipanga kuizunguka sebule, migongo ukutani, kama kawaida. Mama kiongozi wa shirika alifika wa kwanza. Alisalimu, akachukua kiti, akakiweka katikati ya chumba. Wa pili akaweka chake nyuma ya hicho. Hakuna aliyeuliza chochote. Kufumba na kufumbua zilikuwa safu mbili, na njia nyembamba katikati.

"Ceinture tunafunga wapi, maman?" mmoja aliuliza, akipapasa kiunoni kutafuta mkanda.

"Muache yeye akae ku dirisha. Ile nafasi iko yake."

"Mi telefone yangu iko inazima. Ndege ingine haina ralonji, ni ya kwako tu. Nichajie kidogo!"

Walicheka hadi mmoja akajifuta machozi, rozari ikining'inia kwenye vidole. Kisha wakasali, mafungu yote matano, wakitazama mbele. Baada ya sala mama mdogo alileta mikate ya kukaanga na chai. Hapakuwa na pengine pa kupita. Alipita katikati ya safu na sinia lake, kiti kwa kiti, akiinama kulia, akiinama kushoto.

"Merci, hôtesse," walimwambia, mmoja baada ya mwingine, kama abiria kwa mhudumu wa ndege.

"Sasa nani alikupiga ile foto?" kiongozi aliuliza.

Mama mdogo alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika.

"Mutu alikuwa pembeni yangu," alisema. "Simujui."

Walipoondoka nilianza kurudisha viti ukutani.

"Ile ralonji, uliiona mbele ya kupiga foto?"

"Niliiona."

Alinifungia mikate iliyobaki nimpelekee mama, kama alivyofanya siku zote, akaniambia niende kabla ya mvua.

Nimempigia mara nyingi tangu siku hiyo. Simu yake inaita mpaka inakatika.