Meno ya Mbele Tu

Hoteli iliponipigia simu kuniita kwenye usaili wa mapokezi, nilienda moja kwa moja kwenye kioo. Viza yangu ya matembezi katika nchi hii ya Kiarabu ilikuwa inakaribia kuisha. Nikikosa kazi hii, narudi nyumbani. Shahada yangu ilikuwa safi. Meno yalikuwa ya kahawia, rangi iliyoachwa na maji ya Arusha yenye floraidi niliyokunywa utotoni, na hakuna mswaki uliowahi kuyaweza.

"Mapokezi ni kutabasamu," nilimwambia Mmombasa niliyepanga naye chumba mtaa wa International City. "Nitatabasamuje?"

"Tabasamu kwa macho, bwana. Au vaa nikabu."

Nikaenda mtaa wa Naif kwa daktari wa meno, mama wa Kihindi. Nilikuwa nimesoma kila tiba mtandaoni, kwa hiyo nilimwomba zote. Akacheka. Dawa ya kung'arisha peke yake, alisema, ingeweza kuyakoleza madoa meupe yaliyo kati ya yale ya kahawia. Vigamba vya kubandika hufunika vizuri, lakini kwanza jino huchongwa, na likishachongwa halirudi. Madoa yangu yalikuwa ya juujuu: angeyasugua kwa dawa yenye asidi, aondoe utando mwembamba, khalas, kwisha kazi.

"Meno yakiwa meupe, uwanja wa ndege watanitambua?"

"Kwenye pasipoti umefunga mdomo," alisema. "Sasa ufungue. Yalla."

Akasugua ya mbele tu, yale yanayoonekana.

Aliyenihoji hotelini alikuwa dada wa Kitanzania, msimamizi wa mapokezi. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nikajibu kwa tabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha akasoma karatasi zangu, akahamia Kiswahili.

"Umezaliwa Arumeru, kule Arusha?"

"Ndiyo, dada."

"Na meno meupe hivyo? Nani kakwambia mimi Mmeru, ukaja kujipendekeza?"

Ushahidi wangu ulikuwa umesuguliwa! Niape? Nimpigie mama simu? Mama naye akisikia sauti ya msichana, akaanza kuulizia mahari? Mwishowe nikainua kichwa, nikaachama kama mbuzi anayekaguliwa mnadani.

Dada akainuka, akachungulia magego.

"Eeh! Hayo ndiyo maji yetu!"

Akaangua kicheko, kiganja mdomoni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba maswali yote alikuwa ameyauliza midomo ikiwa imebanwa.

Akaniambia nianze kazi Jumapili. Nilipokuwa nashukuru kwa mara ya tatu, akaenda kufunga mlango, akasogeza kiti karibu, akanong'ona:

"Hebu niambie. Wakati anasugua, iliuma?"