Aliyejipa Alama Zote

Juzi, mgahawani Mkata, niliketi jirani na walimu wawili waliokuwa wakisubiri basi la Korogwe. Shuleni kwao kila mwalimu alikuwa ametakiwa kujipima mwenyewe ujuzi wa kompyuta, ili ijulikane nani apelekwe mafunzoni. Mmoja wa hawa wawili, mzee mwenye mvi, alikuwa amejipa alama zote.

"Sasa wameniteua niwafundishe wenzangu Jumatatu," alinong'ona. "Binti yangu, hata kuiwasha nabahatisha."

Mwenzake, mwalimu kijana, alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. "Shikamoo, mkufunzi! Si umwambie mwalimu mkuu ukweli?"

"Yule? Nilimfundisha mimi darasa la nne! Nifundishe wewe, unajua."

"Mimi nilijaza kwamba sijui chochote, nipate safari ya mafunzo; kumbe mkufunzi ni wewe. Jumatatu nakaa mbele, nakuuliza maswali."

Mzee akatafakari, kisha akamsogezea sahani yake ya chapati. Binti akamega kipande.

"Hii ni ya kuwasha tu, Mwalimu. Kuandika ni kuku."

Mzee akamwita mhudumu.

Kwa hesabu yangu, anayetaka kujua nani mahiri wa kompyuta shuleni pale asihangaike kujumlisha alama. Atazame nani ananunuliwa kuku.